Fezanti wa Marekani: ni kweli ardhi ya umma haina ndege, wote wako kwenye mashamba ya watu?

#1 Mnyamwezi wa Omaha

Wakuu, salaam.

Jirani yangu hapa Nebraska ni mzee wa Kizungu, mwindaji tangu utoto wake. Misimu iliyopita nilikuwa namsindikiza tu: nashika mbwa, nabeba ndege, nafungua mageti. Mwaka huu nimemaliza kozi ya usalama wa uwindaji, leseni ninayo, nataka kwenda mwenyewe. Shida ni kwamba mzee anawinda kwenye mashamba ya shemeji zake peke yake, na ana msemo wake: ardhi ya umma ni ya kupunguzia kitambi, fezanti utamwona kwenye kalenda.

Mimi sina shamba, sina shemeji mwenye shamba, na hela ya kulipia siku kwenye mashamba ya biashara sina. Zaidi ya asilimia 97 ya Nebraska ni mali ya watu. Nimekaa na ramani nikaona mafungu matatu: maeneo ya jimbo, maeneo ya serikali kuu, halafu mashamba ya watu ambayo jimbo linamlipa mwenyewe ili wawindaji waingie bure kwa miguu. Hayo ya mwisho kwetu yanaitwa Open Fields and Waters.

Wazoefu semeni ukweli. Umma hakuna ndege kweli, au mzee anataka nisimfuate mtu mwingine? Na hili fungu la tatu tuliweke upande gani?

#2 Kibajaji

Naweka kiti hapa. Ila fezanti ndio mdudu gani mkuu? Wengine tuko Mbagala.

#3 Tarishi

@Kibajaji ndege wa jamii moja na kuku na kwale. Jogoo ana shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe shingoni, mashavu mekundu, na mkia mrefu kuliko mwili. Jike ana rangi ya majani makavu, akitulia humwoni hata ukiwa hatua mbili. Asili yake Asia. Waliofanikiwa Marekani waliletwa kutoka China miaka ya mwanzo ya 1880 na balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Shanghai, Owen Denny, wakaachiwa Oregon. South Dakota wamemfanya ndege rasmi wa jimbo tangu 1943. Yaani mhamiaji mwenzetu, ila karatasi zake zilitoka haraka.

#4 Nyundo ya Wichita

Mleta mada, mzee wako hajakudanganya, ila hajamaliza sentensi. Ardhi ya umma haina ndege mchana wa siku ya ufunguzi. Kansas tunafungua Jumamosi ya pili ya Novemba na tunakwenda mpaka Januari 31. Wiki mbili za mwanzo kila kibao kina pikapu zimejipanga. Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, ikishapita watu wanarudi kwenye makochi yao kuangalia mpira. Nenda Desemba, siku ya kazi, eneo zima ni lako.

Mpango wetu unaitwa WIHA, ulianza 1995 na una zaidi ya ekari milioni moja. Mkulima analipwa, shamba linabaki lake, wewe unaingia kwa miguu bila kugonga mlango wa mtu. Mengi ni mabua ya ngano na mtama, na nyasi za CRP, ule mpango wa serikali kuu wa kupumzisha ardhi. Kwa hiyo kwa Kansas swali lako la umma au binafsi linakufa lenyewe, maana ukiwa WIHA uko kote kuwili.

Ninachotafuta ni mahali vitu viwili vinapokutana: mtama uliovunwa huku, nyasi za kiunoni kule, mtaro katikati. Naegesha mbali. Mlango wa gari nausukuma polepole mpaka ulie "ki", basi, kwa sababu jogoo aliyekwisha kupigiwa risasi akisikia mlango ukibamizwa anaanza mbio kabla hujavaa glavu. Hawa ndege wanakimbia kwanza, kuruka ni mwisho wa mawazo yao. Mbwa ananusa, anasimama, anasogea, anasimama tena, ujue jogoo yuko mbele yake anatembea. Kwa hiyo mtu mmoja azunguke mapema, akasimame kimya mwisho wa nyasi, wengine mtembee kumwelekea. Msipoweka mtu wa mwisho, watapaa wote upande wa pili, mbali na marisau (chembe za risasi) yenu, mtabaki kusifia mikia.

#5 Huron Boy

Nyundo unaongelea Kansas. Njoo South Dakota tuzungumze.

Huku fezanti ni uchumi. Msimu wa kwanza ulikuwa 1919, siku moja tu, Kaunti ya Spink. Siku hizi kuna misimu mingi wanapigwa zaidi ya milioni moja. Sasa angalia mwenye shamba anavyofanya: anapanda mtama na mahindi, havuni, anayaacha yasimame baridi nzima kwa ajili ya ndege, pembeni ameotesha miti ya kukinga upepo. Mgeni kutoka Texas analipia siku. Eneo la umma lililo ng'ambo ya barabara ni nyasi tupu. Ndege atalala wapi? Sababu si wingi wa watu, sababu ni msosi.

#6 Tarishi

Huron Boy malizia na lile usilotaka kusema. Baadhi ya hayo mashamba ya kulipia ndege wanatoka bandani. Huko kwenu yale yenye kibali cha kuachia ndege yana msimu wao wenyewe, Septemba 1 hadi Machi 31, wakati sisi wa kawaida tunasubiri Oktoba. Niliwahi kualikwa kwenye moja, silitaji. Jogoo wa kwanza alinyanyuka kwa shida, kumwokota mkia umesagika kwa kukaa kwenye waya. Ukifananisha hapo na ardhi ya umma unafananisha soko na pori.

#7 Huron Boy

Usichanganye mafaili. Yapo yenye kibali hicho, na yapo mashamba ya watu yenye ndege wa porini kabisa, hawajawahi kuona banda. Mimi nasema hayo ya pili.

Halafu mkae mkijua South Dakota kuna umma wa aina nyingine kabisa, mtaro wa barabara. Hifadhi ya barabara ya umma unaruhusiwa kuwinda, hata kama shamba la pembeni ni la mtu. Unashuka kwenye gari, unakaa mbali futi 660 na nyumba za watu, kanisa, shule na mifugo, na ndege awe ametokea humo mtaroni. Vijana wa kiwandani wasio na ndugu mkulima ndio uwanja wao. Walk-In Areas pia tunazo, mashamba ya watu yaliyokodiwa na jimbo kama hiyo WIHA.

#8 Ngariba wa Takwimu

Nimesoma posti zote. Ya #4 inasema tatizo ni watu, #5 msosi, #6 mabanda. Mimi nasema mnaangalia Novemba wakati mambo yaliisha Juni.

Sheria inaruhusu majogoo tu. South Dakota watatu kwa siku, Kansas wanne, Minnesota wawili na kuanzia Desemba watatu. Jogoo mmoja anatosha majike mengi, kwa hiyo hata ukipunguza majogoo sana, vifaranga vya mwaka ujao havipungui kiasi cha kutisha. Kinachoamua ni jike kupata nyasi za kutagia. Anataga chini, masika. Mkulima akipitisha mashine ya kukata majani mapema, kiota kimekwenda na mara nyingi na mama yake. Vifaranga wiki za mwanzo wanakula wadudu, na wadudu wako kwenye nyasi zenye maua, sio kwenye soya iliyopigwa dawa. Halafu ije baridi kama ya 1996/97 kule Dakota, ndege wafukiwe.

CRP ilianzishwa na sheria ya kilimo ya 1985: serikali kuu inamlipa mkulima apumzishe ardhi dhaifu na kuiotesha nyasi. Mwaka 2007 zilifika karibu ekari milioni 37. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, watu wakalima, miaka kumi baadaye zikawa chini ya milioni 25. Pale ndipo ndege walipokwenda. Sio umma, sio binafsi.

Na msije mkaingia shamba la mtu eti ni CRP. Kuwa CRP hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia. Mpaka kuwe na kibao cha mpango wa jimbo.

#9 Nyundo ya Wichita

@Ngariba nakupa heshima yako kwenye viota. Ila hujajibu swali la mleta mada. Nyasi zilezile, barabara moja, seng'enge katikati. Upande wa kibao cha WIHA kimya, upande wa mtu majogoo wanawika. Mvua imenyesha pande zote mbili. Hapo ni nini kama sio watu? Hawajafa, wamehama. Tumewasukuma wenyewe mpaka ng'ambo ya seng'enge kwa wiki tatu.

#10 Goma243

Bandugu, jambo. Miye niko Des Moines. Iowa tuko na IHAP, ilianza 2011, ni mashamba ya batu, Leta (serikali) inasaidia mwenye shamba atengeneze manyasi muzuri, na yeye anaacha batu baingie. Naendaka kule na rafiki wa kazi. Ndege iko, tena mingi. Lakini saa ni sheria: saa mbili ya asubui mpaka saa kumi na nusu, kiisha unafunga bunduki. Na lazima uvae nguo moya ya rangi ya machungwa.

#11 Kibajaji

Kwa hiyo mnavaa reflekta kama bodaboda wa Rangi Tatu halafu mnakwenda kumvizia ndege? 😂😂

#12 Tarishi

Reflekta sio kwa ajili ya ndege, ni kwa ajili ya mwenzako. Fezanti akitoka usawa wa kiuno na watu wawili wako kwenye mahindi marefu, hicho kizibao ndicho kinachokurudisha nyumbani.

#13 Mwana Fargo

Mnazunguka sana, hamieni North Dakota. Huku ardhi ya mtu isiyo na kibao cha katazo unaingia kuwinda bila kumuuliza mtu. Majimbo yenu yote ukilala usingizi umeshavuka mpaka wa mtu, sisi ni kinyume. Juu yake tuna PLOTS, mashamba ya watu yenye vibao vya pembetatu vya njano. Uhuru kamili.

#14 Askari Mstaafu

@Mwana Fargo kabla hujawapeleka wenzako mahakamani, ongeza haya. Tangu 2021 mwenye ardhi North Dakota anaweza kuweka katazo kwa njia ya mtandao, bila kibao hata kimoja kwenye nguzo, na lina nguvu ileile. Kwa hiyo lazima uangalie ramani ya jimbo, sio nguzo tu. Pili, shamba ambalo mazao hayajavunwa huingii bila ruhusa, kibao kiwepo kisiwepo. Tatu, mgeni wa nje ya jimbo haruhusiwi kwenye PLOTS wala ardhi ya idara ya wanyamapori wiki ya kwanza ya msimu wa fezanti. Mleta mada akitoka Omaha siku ya ufunguzi atakuta kibao cha pembetatu na faini.

#15 Mwana Fargo

Wiki moja tu hiyo mkuu. Inapita.

#16 Kijana wa Masters

Samahani natoka nje kidogo. Niko na viza ya mwanafunzi. Naweza kuwinda au nitarudishwa Kisumu?

#17 Wakili wa Kona

Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kushika au kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa wachache, na mmojawapo wa hao wachache ni aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Kwa hiyo leseni kwanza, bunduki baadaye, hata ile ya kuazimwa. Mwenye grinkadi katazo hilo halimgusi. Asiye na karatasi asiiguse kabisa, hata kupigia picha. Majimbo nayo yana masharti yao juu ya hayo. Ukiwa na lolote kwenye faili lako la uhamiaji, muone wakili wa kukutazama usoni, usinitegemee mimi wa kwenye uzi.

#18 Binti Pangani

Habari zenu. Mimi niko Minnesota, nesi, nawinda na mume wangu.

Kwanza mnaongea kama vile ndege wa nchi kavu ni fezanti peke yake. Kaskazini ya jimbo letu kuna grausi wa msituni, na huko mashamba ya watu hayana kazi. Misitu ya Superior na Chippewa ni ya serikali kuu, ya jimbo na ya kaunti imeungana nayo, unatembea kutwa hukutani na seng'enge. Grausi anapenda msitu mchanga wa mispeni (miti ya aspen) unaoota baada ya miti kukatwa. Serikali inakata, ndege wanakuja. Idadi yao inapanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu miaka kumi, sio kwa sababu ya kibao chochote. Kwa hiyo huyo mzee wa Omaha tungemleta huku angemeza maneno.

Kusini kwenye fezanti tuna Walk-In Access, ilianza 2011, unalipa dola 3 tu kuongezea kwenye leseni. Na maeneo ya WMA, ardhi ya jimbo iliyotengwa kwa wanyamapori, hayo yapo tangu 1951.

Pili, kuna njia mnaiogopa kuitaja: kugonga mlango. Shamba la mtu lisilo kwenye mpango wowote, unamwomba mwenyewe. Najua mnachofikiria, sura yetu, lafudhi yetu, na bunduki, kwenye barabara ya vumbi ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Sikatai. Tuna mwenzetu mmoja alifungiwa mlango kabla hajamaliza salamu. Ila sisi tunagonga Agosti, sio Novemba. Mchana, bunduki iko nyumbani, hatuendi wakati wa mavuno, na mtoto yuko mkononi. Tunaeleza ni siku gani na tutaegesha wapi. Mwenye shamba mmoja alitukatalia fezanti akatupa njiwa, msimu uliofuata akasema ingieni kokote ila msiguse upande wa ng'ombe. Siku hizi tunampelekea sambusa kila Krismasi, na yeye anatuuliza lini mtakuja.

#19 Huron Boy

Binti Pangani kwa sambusa hiyo hata mimi ningekufungulia geti.

#20 Mzee Kiboko

Nimefanya kazi ya wanyamapori Tanzania kabla ya kustaafu, nimefurahi kuona vijana mnajadili jambo la maana.

Kwetu swali hili lingekuwa gumu kuliuliza. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, wewe una haki ya kuitumia tu. Na wanyamapori kwa sheria ya 2009 ni mali ya umma. Ukimwona kanga shambani kwako bado huwezi kumpiga bila leseni. Kilicho karibu na hiyo WIHA ni maeneo ya jumuiya kama Burunge, kati ya Tarangire na Manyara, ambako vijiji vimetenga ardhi na fedha inayopatikana inarudi vijijini. Tofauti ni kwamba kule kwenu analipwa mkulima mmojammoja, kwetu kijiji. Kenya wao walifunga uwindaji 1977.

Kitu ambacho wengi hapa hamjakisema: Marekani nako ndege si wa mwenye shamba. Ni wa jimbo. Mwenye shamba ana mlango tu. Uingereza ni kinyume, haki ya kuwinda inafuata ardhi. Kwa hiyo mnapolipia siku South Dakota, hamnunui fezanti wa porini, mnanunua kupita getini.

#21 Ngariba wa Takwimu

Mzee Kiboko hapo umepiga msumari. Ongeza kwamba hata hiyo "bure" sio bure. Kuna kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na kwa sheria ya 1937 inakwenda kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Hata anayenunua risasi za kulengea makopo anachangia. Na sheria ya kilimo ya 2008 ilianzisha mfuko wa kuyasaidia majimbo kukodi mashamba ya kuingilia.

#22 Ustadh wa Columbus

Assalaam alaykum. Ndugu Waislamu mnaowinda, vipi kuhusu kuchinja? Isije uzi ukawa wa ardhi tu, nyama hatujui.

#23 Binti Pangani

Wa alaykum salaam. Sisi tunapiga bismillahi kabla ya kufyatua, na ndege akianguka mume wangu anakimbia na kisu, tukimkuta hai tunachinja. Aliyekufa kabla hatujamfikia, mashekhe wetu wawili wametujibu tofauti, mmoja anasema marisau yanatoboa kwa hiyo ni halali, mwingine anasema ni kupondwa. Ndege wa namna hiyo tukawagawia marafiki zetu wasio Waislamu, tuna amani.

Jikoni: usimpike kama kuku wa dukani. Nyama ya kifuani imekauka, haina mafuta. Loweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kisha mpake tui zito la nazi. Mapaja yana mishipa migumu kama vijiti, hayo yachemshwe taratibu mpaka nyama iachie, utoe mishipa kwa vidole. Na kabla ya yote shika kifua ukiangalie kwenye mwanga: palipo na alama nyeusi, risau limeingia na unyoya umelifuata ndani. Chokonoa kwa ncha ya kisu, vuta unyoya, risau linatoka nao. Usipofanya hivyo mgeni wako atavunja jino.

#24 Mnyamwezi wa Omaha

Asanteni sana wakuu, nasoma kila posti. Sijaelewa jambo moja. Karibu na kwetu, Rainwater Basin, kuna maeneo ya serikali kuu yameandikwa WPA. Ni ya bata au naruhusiwa fezanti? Na mzee amenigawia risasi zake za zamani, ni sawa?

#25 Askari Mstaafu

WPA, yaani maeneo ya kuzaliana ndege wa majini, zilinunuliwa kwa fedha za stempu ya bata, ile wanayolipia wawindaji wa bata iliyoanza 1934, lakini ziko wazi kwa uwindaji wa fezanti pia msimu ukiwa wazi, na kwa fezanti stempu yenyewe huhitaji. Ila risasi za mzee ziache nyumbani kama ni za madini ya risasi. Ndani ya WPA unaruhusiwa marisau yasiyo na sumu tu, wengi tunatumia ya chuma. Hata kuwa nazo mfukoni ni kosa. Chuma ni chepesi, kwa hiyo chagua marisau makubwa zaidi na usipige mbali.

#26 Nyundo ya Wichita

Na WPA ndizo zinazothibitisha hoja yangu. Januari, bwawa limeganda, matete yamesimama, watu wameshachoka. Ndege wote waliokuwa kwenye mashamba ya watu wanaingia humo kujikinga na upepo. Umma tena ndio bora.

#27 Huron Boy

Wanaingia humo kwa sababu pembeni kuna mahindi ya mtu ambayo hayakuvunwa. Bila msosi wa jirani hilo bwawa ni barafu tu. Tumerudi palepale #5.

#28 Shamba Boy wa Dodge City

Nafanya kazi kwenye shamba ambalo nusu yake iko WIHA, niwaambie upande ambao hamuuoni. Mwaka wa ukame serikali inaruhusu wenye CRP kukata majani au kuingiza ng'ombe kwa dharura, kwa sababu mifugo inakufa njaa. Bosi alikata. Kibao kilibaki palepale, ramani ikabaki na rangi yake, wawindaji wakaja kutoka majimbo mawili mbali wakakuta kapeti. Wakatutukana kwamba tunakula hela ya jimbo. Kwa hiyo kabla hujaendesha usiku kucha kufuata rangi kwenye simu, pita Septemba uangalie nyasi kwa macho. Na hiyo sio kosa la umma wala binafsi, ni mvua.

Lingine, ukiondoka na jogoo Kansas mwache na mguu mmoja au manyoya ya kutosha kuonyesha ni dume. Wapo waliosafisha ndege vizuri mpaka wakakosa ushahidi.

#29 Tarishi

Wanaosema Magharibi ndiko ardhi ya umma iko kwa wingi, kumbukeni ekari nyingi za ardhi hiyo zimezungukwa na mashamba ya watu, zimekaa kama drafti. Watu wameshitakiwa kwa kuruka kona kutoka kipande cha umma kwenda kipande cha umma bila kukanyaga pa mtu. Mahakama ya rufaa ya serikali kuu, kanda ya kumi, ilitoa uamuzi 2025 kwa kesi ya Wyoming upande wa wawindaji. Kansas na Colorado wako chini ya mahakama hiyo, Nebraska na Dakota hawako. Montana nako hawako, lakini wana Block Management tangu 1985, karibu ekari milioni saba za watu, mengine unajiandikisha mwenyewe kwenye kisanduku getini, mengine unampigia mwenye shamba.

#30 Wakili wa Kona

Ongeza: uamuzi huo ulikuwa wa kesi ya madai. Usiruke kona ukidhani umebeba cheti.

#31 Mnyamwezi wa Omaha

Basi nimepanga hivi. Ufunguzi Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nakaa nyumbani. Septemba napita kuangalia Open Fields tatu zilizo jirani na mtama, Desemba naingia siku za kazi, risasi za chuma mfukoni muda wote ili nisijichanganye na WPA. Mzee amekubali kuniazima mbwa, kwa sharti nisimwambie shemeji yake kwamba nakwenda kwenye ardhi ya umma.

#32 Huron Boy

Desemba nyasi fupi zitakuwa zimelala chini ya theluji. Achana na mtama, nenda kwenye matete, na buti za maji.

#33 Nyundo ya Wichita

Nebraska ya kusini theluji haikai wiki. Usimtishe mtu. Mtama kwanza, saa ya mwisho ya jua, wanaporudi kulala.

#34 Ngariba wa Takwimu

Kabla hamjamgawana, ajibu kwanza: masika ya mwaka huu kwenu yalikuwa na mvua ya mawe mwezi wa sita?